Waliotangulia Safu ya Mbele

Mhadhiri alifuta ubao, akaweka chupa ya chai mezani, akaanza somo. Mwanafunzi alikuwa mmoja tu, binti aliyekuja kwa sababu masomo mengine yalikuwa yamejaa. Kwa miaka mingi mhadhiri alifundisha kwamba utawala wa kura umewatenganisha watu: kila mtu na kichwa chake, kila mtu na chumba chake, na walio hai wanaamua mambo bila kuwauliza waliotangulia. Wenzake waliacha zamani kukaa naye mezani. Aliihesabu hiyo kuwa dalili ya zama hizi.

Katikati ya somo wafu wakaingia. Waliingia kwa mpangilio, wazee kwanza, wakajaza viti. Mfagizi aliwaomba wainue miguu, wakainua. Baba yake mhadhiri alikaa safu ya mbele. Mama yake alisimama nyuma kabisa, pamoja na wanawake wengine.

Mhadhiri alifurahi.

"Zamani," alisema, "kila mtu alikuwa na mahali pake. Hakuna aliyekula peke yake."

"Mimi nilikula peke yangu, mwanangu," mama akasema. "Jikoni, nyinyi mkishamaliza. Nilikuwa nawasikia mnavyocheka."

Baba hakugeuka. "Mama yako kaanza maneno yake."

Wanaume wakacheka. Mhadhiri alipanga upya karatasi zake, ingawa zilikuwa zimepangika.

"Baba, huwezi kumpisha mama akae?"

"Si wewe unayesema mpangilio wetu usiguswe? Endelea na somo."

Binti akainuka, akamwonyesha mama kiti chake. Mama alimtazama mumewe, mumewe akatikisa kichwa, mama akabaki amesimama. Binti alichukua mkoba wake, akatoka, hakurudi tena.

Tangu hapo ukumbi ulikuwa ukijaa kila wiki, na mkuu wa chuo alimpongeza mhadhiri kwa mahudhurio. Siku moja, somo lilipokwisha, mhadhiri alimwambia mama, "Twende kwangu. Chumba ni kidogo, lakini tutazungumza."

"Natamani, mwanangu. Muulize baba yako."

Akamuuliza. Baba akakataa, bila kutoa sababu.

Mhadhiri hakubisha, kwani yote aliyowahi kuandika yalikuwa upande wa baba. Alivaa koti, akawaaga wanaume kwanza, mmoja mmoja, kwa kufuata umri. Alipofika nyuma, wanawake walikuwa wameshatolewa.