Vivinjari Vitatu Siku ya Posa

…na samahani sana, mabwana na mabibi, hii hadithi itasimuliwa vibaya, hata Nzabonimpa mwenyewe aliiona inakwenda vibaya kichwani mwake, ameianzia mkiani kama mtu anayevaa viatu kwanza halafu anaanza kuitafuta suruali, lakini mtu atafanyaje, kompyuta iko mezani mbele yake, dirisha dogo jeupe limesimama katikati ya kioo na halisogei, linasema, Chagua kivinjari kitakachofungua viungo vyako kila mara, na chini yake vivinjari vitatu vimejipanga kama wachumba watatu waliokutana kwenye kibaraza kimoja, na chini kabisa kuna kitufe cha Sawa chenye rangi ya majivu, kimenuna, hakikubali kubonyezwa mpaka uchague, na nyuma ya dirisha hilo, huko Lubumbashi, Mzee Balagizi amekaa na kaka zake, wote wamevaa makoti, wamekuja kwa video kumposea kijana wao Murhula, na neno la mwisho walilolisikia kutoka kwake yeye, baba wa binti, ni, mmechelewa, huyo tumeshampa mwingine, nendeni salama. Neno la mwisho. Halafu dirisha likaruka usoni, halafu picha ikapotea… au picha halafu dirisha, mpangilio atauweka sawa baadaye, jukwaani, maana hii lazima siku moja ipande jukwaani, aibu ya ukubwa huu haiwezi kutupwa bure, mtu ameilipia, aanze hivi, ndugu zangu, mimi nina kompyuta yenye wivu, hapana, aanze hivi, ndugu zangu, mashine imevunja uchumba wa mtoto wangu… na hapo watacheka, lakini watacheka wapi hasa, kicheko kinahitaji mkosaji, na mkosaji yuko hapa, mraba, mweupe, anauliza maswali.

Kutoka sebuleni sauti ya dada yake mdogo Mukansanga, anayemwita Yaya kwa maana ya kaka mkubwa, ikapenya mlango, sauti ambayo haijawahi kushindwa na mlango, "Yaya, iko namna gani mule, bajomba banauliza kama banywe ao bangoje, sambaza zinapoa," na yeye akajibu, "Bangoje kidogo, ni mashini," kwa ile sauti yake nene ya harusini ili wasijue, na harufu ya sambaza, vidagaa wa kutoka Nkombo, waliokaangwa ikaingia pamoja na swali, na tumbo lake, lisilo na aibu, likaunguruma. Chagua. Achague nini. Kivinjari cha kwanza ndicho kilichokuja na mashine, kama mtoto wa kambo kimo ndani ya nyumba bila kuombwa na hakuna anayekisemesha, cha pili alikiweka Hirwa, mwanawe mkubwa, alipokuja kutoka Kigali, akasema, Papa, hiki ndicho wanatumia watu wote, cha tatu alikiweka Uwineza, huyu anayeposwa leo, wiki ileile kaka yake alipoondoka, akasema, Papa, kile cha Hirwa kinakuchungulia, tumia hiki, na tangu hapo ukikaa kwenye kompyuta hii umekaa katikati ya watoto wako, ukifungua cha Hirwa umemsaliti binti, ukifungua cha binti umemsaliti mwana, na kila kimoja, kila unapokifungua, kinapiga magoti, nifanye mimi niwe wako wa kila siku, Ndiyo au Baadaye, na yeye, Mungu amsamehe, alikuwa anapenda kubonyeza Baadaye, aliburudika kabisa, alikuwa anasema kwa sauti, umekuja na ng'ombe wangapi wewe, rudi kwenu ukajipange, na mkewe Emerance alikuwa anapita na ndoo akimwangalia jinsi mke anavyomwangalia mume anayebishana na meza.

Kazi ndiyo iliyomharibu. Maana yeye ndiye mkataaji wa Rusizi nzima, familia za Gashonga zinampigia simu, za kule chini Bugarama zinampigia simu, Waislamu na Wakatoliki bila ubaguzi, njoo utusemee siku ya kuposwa binti yetu, kwa sababu posa bila kukataliwa kwanza ni mchuzi bila chumvi, upande wa kijana wanaomba, upande wa binti wanajifanya hawajui wamekuja kutafuta nini, mara binti amesoma sana, mara ameshaposwa, mara ni mtawa, watu wanacheka chini ya hema mpaka mabati ya jirani yanatikisika, kisha anakubaliwa na nyimbo zinaanza, na katika mchezo huo hakuna kama Nzabonimpa, aliyejifunzia uchekeshaji ukumbini mwa parokia kule Bukavu alikolelewa, chini ya mwalimu mwembamba aliyewaambia kila Jumamosi, toka wakati bado wanacheka, mchekeshaji anayebaki baada ya kicheko ni mgeni anayebaki baada ya sahani kutolewa… na ilipofika zamu ya binti yake mwenyewe Emerance alisema kwa upole, basi tumwite kaka yako Rutayisire aseme, wewe ukae kama baba, na yeye akacheka, Rutayisire, Rutayisire ambaye akisoma tangazo la kifo watu wanaangalia saa.

Akabonyeza kile cha mashine. Duara dogo kando yake likapata alama. Kitufe cha Sawa kikapata rangi na moyo wake ukapata rangi, lakini mkono ukasita, je kama hiki ndicho kilichomkata mara ya kwanza, asubuhi Uwineza alifungua kila kitu mwenyewe, akaweka kamera usawa wa uso, akasema, Papa, wewe kaa tu, usiguse kitu, kisha akaenda chumba cha nyuma kuvaa mushanana, vazi lake la sherehe, na kungoja kuitwa, yuko huko sasa, ukuta mmoja tu kutoka hapa, kimya, na kimya chake kinasikika kuliko Mukansanga… usiguse kitu, alisema, lakini alifungua kwa kipi, hakuangalia. Akaondoa alama. Kitufe kikanuna tena. Tayari alikuwa ameshavijaribu vile viwili vingine kwa mlango wa uani, bila kupitia dirisha hili, cha Hirwa kilitaka neno la siri la Hirwa, na nani anajua siri za Hirwa, cha Uwineza kilifunguka vizuri, kikauliza kwa adabu, unaruhusu kamera, unaruhusu kipaza sauti, Ruhusu au Kataa, na kidole, kidole hiki kilichozeeka kazini, kikabonyeza Kataa kabla mwenyewe hajasoma sentensi mpaka mwisho.

Ndege ikapita juu ya paa ikiteremka kuelekea uwanja wa Kamembe, vioo vikatetemeka, ikambeba Mukansanga katikati ya sentensi, "…ngambo ya kule bako ba…" na kumrudisha, "…na Mzee mwenyewe banasema hacheki," ndiyo, hacheki, hilo ndilo linalomtoa jasho, angekuwa mtu mwingine angekuwa amekaa huko anajipiga mapaja, lakini Mzee Balagizi ni mzee wa kanisa, fundi wa reli, mtu aliyeishi na vipimo, mwezi uliopita kwenye simu Nzabonimpa alimtania kwamba mahari ya huku ni tembo wawili, na kule upande wa pili sauti ya upole ikauliza kama tembo wanaruhusiwa kuvuka mpaka… mtu wa namna hiyo ukimwambia nenda salama, anakwenda. Anasimama, anakunja koti, anakwenda, na kijana wake mmoja, mpole, anayemwita Nzabonimpa Papa tangu siku ya kwanza, anakunja uchumba anauweka ndani ya koti lilelile. Na simu, apige simu, lakini simu ndiyo inayoilisha kompyuta mtandao, akipiga, rezo ya mtandao inakufa, akiacha rezo, dirisha linamtazama, na mshenga wa kule, mtu wa makamo mwenye kikohozi, simu yake imezimwa tangu walipoanza kwa sababu Mzee Balagizi alisema shughuli kama hii iheshimiwe, simu zote zizimwe ila ya kijana inayotoa picha… heshima, tazama, heshima ndiyo inayommaliza.

Mlango ukafunguka kidogo, akaingia Emerance, kanga begani, mikono ina unga, akaangalia kioo, akamwangalia yeye. "Papa Uwineza, ulibaambia nini bale bantu?"

"Nilibakatalia. Kama kawaida."

"Kisha?"

"Kisha mashini ikaniletea hii ulizo. Unaona. Inataka nichague navigateri. Katikati ya posa, inataka nichague navigateri."

"Ilikuletea mbele ao nyuma ya kubakatalia?"

"Palepale."

Emerance akaufuta unga kwenye kiganja kimoja kwa kiganja kingine, akarudi sebuleni akiacha mlango wazi kiasi cha jicho. Mbele ao nyuma, kabla au baada. Swali la mwanamke aliyewahi kuuza dukani, huwezi kumwambia palepale. Palepale wapi… alikuwa anasema, mmechelewa, aliona wale wazee wakiangaliana, akaona Murhula ameinamisha kichwa akitabasamu chini chini kwa sababu yeye anaujua mchezo, akasema, tumeshampa mwingine, akasema, nendeni salama, halafu… hapa chini ya hema kwa kawaida angeinuka. Hapa ndipo anapochukua fimbo yake, anapunga mkono, anawapa mgongo na kutoka kabisa, anatoka mpaka barabarani, huo ndio ujanja wake unaojulikana mpaka Bugarama, anakwenda zake kama mtu aliyemaliza, na upande wa kijana wanapiga kelele, wanamkimbilia na kreti ya bia kichwani, Mzee rudi, Mzee tuonee huruma, na yeye anangoja nyuma ya mgomba akisikiliza jina lake linavyoitwa, hakuna utamu duniani kama kusikia unaitwa urudi, kisha anarudi, anakubali, watu wanalia kwa kicheko. Hapa hakuinuka. Alikaa. Uwineza alimwambia kaa tu. Alikaa na halafu dirisha…

"Papa."

Hakusikia mlango. Uwineza amesimama pale kwa mushanana ya rangi ya chungwa, nywele zimesukwa juu, simu mkononi, mtu ambaye kwa desturi hatakiwi kuonekana mpaka aitwe, na hakuna aliyemwita, na kwa sekunde moja Nzabonimpa alimwona akiwa mdogo, amekaa kwenye gunia la vifaa nyuma ya jukwaa huko mashambani, anamngoja atoke, kila mara alikuwa anauliza, Papa, kwa nini unaondoka wakati bado wanakutaka.

"Papa, Murhula ameandika. Baba yake amesimama. Anauliza kama ni kweli nimepewa mwingine."

"Mwambie ni mashini, mama yangu. Mwambie rezo ilikatika, ikaniletea…"

"Nimemwambia." Akaangalia simu, hakumwangalia yeye. "Anasema haikukatika. Anasema walikuona vizuri kabisa. Ulipunga mkono, ukainama kwenye mashini, ukafunga."

Kioo kilikuwa kinang'aa tu. Vivinjari vitatu vimejipanga. Ukafunga… na kidole chake cha shahada, pale juu ya kipanya, kikawa kizito, kikawa cha mtu mwingine, kwa sababu kidole kilikumbuka kabla ya kichwa, kile kitufe chekundu cha kukata picha, jinsi kilivyokuwa pale karibu, jinsi kilivyofanana na mlango wa hema, nendeni salama, mkono ukapunga, kidole kikatoka barabarani, na akakaa hapa kwenye kiti, anangoja wamwite, Mzee rudi, anangoja kreti ya bia ipite kwenye waya kutoka Lubumbashi, na nyumba ilikuwa tulivu, na Uwineza alikuwa bado wake, yuko nyuma ya ukuta, hajaitwa na mtu, na kwa pumzi moja, hiyo hawezi kuisimulia jukwaani, kwa pumzi moja alikipenda sana kile kimya. Ndipo akaona hakuna anayemkimbilia. Ndipo akabonyeza kiungo ili arudi mwenyewe. Ndipo dirisha, maskini, likatoka kuuliza, lilikuja mwisho, nyuma ya yote, kama mtu anayepita njiani akakuta watu wameshapigana na akashikwa yeye.

"Wako bado pale?" aliuliza, na sauti ya harusini haikutoka, ilitoka nyingine, ndogo, aliyoiacha Bukavu.

"Bado. Murhula amemshika Mzee mkono, anamwambia akae kidogo." Kisha akasogea, mushanana ikanong'ona, akaangalia kioo juu ya bega la baba yake, akaona orodha, kile cha mashine, cha kaka yake, chake, na pembeni mwa mdomo wake kitu kikajizuia kisiwe kicheko. "Unangoja nini, Papa. Chagua chochote. Vyote vinafika."

"Hata cha Hirwa?"

"Hata cha Hirwa."

Vyote vinafika… na kutoka sebuleni Mukansanga, "Yaya, banywe ao bangoje," na dirisha jeupe bado limesimama pale pale, halijasogea, kitufe bado cha majivu, mshale bado uko kati ya cha kwanza na cha pili, na Nzabonimpa akaona kwamba sasa hadithi imekaa sawa, kichwa kichwani na mkia mkiani, na mkosaji amepatikana, aanze hivi, mabwana na mabibi, kompyuta yangu haina wivu, ni mashine ya watu, imesoma, ina adabu, siku ile ilikuwa inaniuliza tu ni nani atakayefungua, na mlango, ndugu zangu, ulikuwa umefungwa na mimi, kwa kidole hiki, nikakaa nje kama mjinga, nangoja makofi.