Shaba Aliyoinyonya Zareh

...na isitoshe mtoto analia tena, ufizi umevimba, jino limegoma kutoka, na Ashkhen yuko pale pale mlangoni pa karakana ya sarafu, Nazeni mgongoni, bibi Shushan muuza mikate mbele yake, sarafu ya shaba ya mfalme ndani ya kiganja, kiganja kinatoka jasho... angerudi tu nyumbani, angesema imepotea, lakini juzi askari wa Kirumi alimkatia jirani yake uzi wa shingoni uliofunga shaba yake, mbele ya wanawe, amri ni amri, shaba zote zenye sura ya mfalme ziletwe, zipashwe moto, zipigwe upya sura ya Bibi wa Artashat, mungu mlinzi wa mji, mwenye taji la kuta zake, haya, apigwe, yeye hamlilii mfalme, analilia ile pua, pua iliyolainika kabisa kwa sababu Zareh, mwanawe wa kwanza, aliinyonya tangu jino la kwanza, kama watoto wote hapa wanavyovishwa shaba ipoze ufizi, mate yanamtiririka hadi kitovuni, anacheka nayo mdomoni... kisha ile homa, kisha shingo nyembamba vile, na yeye akaivua kabla hawajamfunika, mama mkwe akaona, akageuza uso makusudi, wema ule hausahauliki... Nazeni hajawahi kuigusa, Nazeni amechongewa mfupa wa kung'ata, mumewe alisema mpe na huyu, akajibu si yake, alijibu kwa ukali, kwa nini kwa ukali vile...

“Chukua yoyote kapuni, bibi, shaba ni shaba,” karani anasema, na bibi Shushan, “Yoyote kampe mama mkwe wako! Mimi nataka yangu, marehemu alinipa siku ya posa,” watu wanacheka, hata yule askari anacheka bila kuelewa, na Babik mpiga nyundo, masizi hadi kope, hainui macho, “Tulia, bibi, yako naijua, bado iko motoni, nitakupa hiyo hiyo.” “Na usimpige sana!” “Nani, mfalme au marehemu?” ...kumbe anarudisha, kumbe mtu akiomba anarudishiwa yake, nyundo inashuka, kishindo kinamwingia tumboni, Nazeni anashtuka, analia zaidi, na bibi Shushan anageuka na sarafu yake kwenye pindo la nguo, ingali ya moto, “Hebu ona, mwanangu,” chini ya shavu la Bibi wa mji ncha ya taji la mfalme imebaki, “bado anachungulia, mbishi huyu,” ...ncha imebaki, ndiyo, lakini pua iko katikati, pua itakwenda, pale Zareh alipoweka ulimi patakwenda, atakayejua palikuwa wapi ni yeye peke yake... na mkono mdogo unapita juu ya bega lake, unapapasa hewani, unataka tu kitu, chochote, siku zote hizi amehesabu kinywa kimoja, na huyu naye ana ufizi, huyu naye yuko hapa... anamzungusha kifuani, anaifuta shaba kwa shela, anaiweka mdomoni, na kilio kinakatika, midomo inaifunika pua ya mfalme, mate yanaanza kutiririka, macho yanamtazama mama yake, makubwa, yametulia...

“Anayefuata!” karani anaita, “wewe mama, lete!” na Ashkhen hasogei, anamgeukia mzee aliye nyuma yake, pita wewe, baba, anasema, pita tu, bado ananyonya.