Kurasa Nne za Nindi

Kitabu cha saba cha Ngome ya Mawingu kilifika Morogoro siku ya Jumanne, baada ya kusubiriwa miaka tisa, na mtu wa kwanza kukishika alikuwa Felista, fundi cherehani wa Kilakala. Alikinusa, akakibusu, akakifungua, akasoma mstari wa kwanza, akakifunga. Mteja aliyekuja kupimwa gauni la kipaimara aliambiwa arudi kesho.

Mstari wenyewe ulikuwa mfupi: "Majani yalikuwa yameota juu ya kaburi la Nindi."

Kwa asiyejua, Ngome ya Mawingu ni vitabu vinene vinavyosimulia nchi ambayo wafalme wake wameifungia mvua ndani ya mwamba, na Nindi ni binti wa miaka kumi na mitatu anayesikia maji yakitembea chini ya mawe. Mwandishi ni Bi Magreth Kobelo, mkunga mstaafu wa Ngerengere. Alitoa vitabu sita, kisha akanyamaza. Huko mitandaoni watu walimtukana kwa kuchelewa, utadhani aliwaharibia harusi. Mtu amekupa vitabu sita vya kukutoa usingizini, halafu unamtukana kwa sababu ya kimoja! Kundi la Kilakala halikuwa na tabia hiyo. Kila Krismasi lilimtumia Bi Magreth kadi yenye maneno yale yale: "Asante kwa sita. Tupo. Andika taratibu."

Kundi lenyewe lilikuwa la watu watano. Mwalimu Wilfred, mstaafu, ndiye mkubwa wao kwa maneno. Joyce alikuwa na duka la dawa. Oscar alikuwa fundi pikipiki mwenye mdomo usio na breki. Felista ndiye huyo. Wa tano alikuwa Baba Glory, jina lake la ubatizo Dominiko, mkulima wa karafuu na mdalasini kule Kinole, ambaye wenzake walimfahamu siku aliyoshusha mzigo sokoni akamkuta Felista anasoma kitabu cha pili, akasahau mzigo.

Walikuwa na utaratibu wao. Wangeweza kununua nakala tano, hawakutaka. Walinunua moja, na Felista akaifumua kwa wembe, akaigawa vipande vitano, akakipa kila kipande jalada la kitenge kilichobaki kwenye mishono yake. Vipande vikazunguka kutoka mkono hadi mkono, Kilakala kwanza, Kinole mwisho kwa sababu ya barabara. Aliyetangulia kusoma aliuma ulimi. Hakuna aliyeruhusiwa kusema neno la mwisho wa kitabu mpaka kipande cha mwisho kiwe kimeshuka kutoka mlimani. Ndipo wakakutana, wakala, wakagombana kuhusu wafalme mpaka Joyce akataka kumwagia mtu chai. Baada ya hapo Felista akavishona vipande vyote tena kuwa kitabu kimoja.

Sasa ndiyo habari ya kitabu cha sita. Wote wanne wa mjini walikuwa wamekimaliza, na wote wanne walikuwa wamelia, kwa sababu kwenye kurasa nne za mwisho Nindi anafungua lango la mwamba, mvua inatoka, na maji yanamchukua. Anakufa. Kilibaki kipande cha mwisho kupanda Kinole. Wiki hiyo hiyo zikaja habari kwamba Glory, binti pekee wa Dominiko, amefariki kwa homa ya siku nne. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Felista alikaa na kile kipande mapajani akashindwa kukipeleka, na akashindwa kutokipeleka. Mwisho alipiga moyo konde. Akafumua karatasi mbili za mwisho, zile kurasa nne, akaziweka kwenye droo ya cherehani. Akaandika zake. Katika kurasa zake maji yanamchukua Nindi, ni kweli, lakini chini ya mto yuko bibi mfinyanzi anayechimba udongo. Bibi anaona mkono. Anamvuta. Anamlaza juu ya majani makavu karibu na tanuri la vyungu, anamsikiliza, na binti anapumua. Dada wa steshenari alimtafutia herufi zinazofanana na za kitabu, akazichapa, na Felista akazishona mahali pake kwa mkono mwepesi kuliko siku zote. Kisha akawaambia wenzake watatu alichofanya. Alidhani Mwalimu Wilfred atamfokea. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akasema, "Basi kuanzia leo Nindi yu hai. Oscar, umesikia?"

Oscar alisikia, lakini kusikia ni jambo moja na kunyamaza ni jingine. Kwa miaka tisa kila Dominiko aliposhuka mjini wenzake walikuwa wanatembea juu ya mayai. Siku moja Oscar alisema "marehemu Nindi" wazi kabisa, akakanyagwa mguu na Joyce chini ya meza, akamalizia, "yule marehemu bibi yake Nindi, namaanisha." Dominiko akasema hakumbuki bibi huyo. Wote wakasema yupo, yupo, kitabu cha kwanza, na Felista akaenda jikoni kucheka na kulia kwa pamoja. Simu ya Dominiko ilikuwa kitochi, isiyoingia mtandaoni, na kwa hilo walimshukuru Mungu.

Lakini Felista, tofauti na wasomaji wote wa nchi hii, alikuwa anakingoja kitabu cha saba na kukiogopa. Alijua siku kitakapotoka, Dominiko atafiwa mara ya pili, na safari hii mkono utakuwa wake.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa imefika. Jioni wanne walikutana dukani kwa Joyce.

"Andika kingine," alisema Oscar. "Kitabu kizima. Wewe unaweza."

"Kurasa mia sita?"

"Sisi tutakuletea chai."

Mwalimu Wilfred hakucheka. "Tulimfichia mtu aliyekuwa hajaweza kusimama. Sasa amesimama. Tukiendelea tutakuwa tunamdharau." Akamgeukia Felista. "Nenda, mwanangu. Mpelekee kurasa zake, na kipande cha kwanza cha hiki mpelekee pia. Safari hii Kinole ianze kusoma."

Asubuhi Felista alipanda bodaboda. Barabara ya Kinole ilimtikisa mpaka akili, na kila kona alitunga maneno na kila kona iliyofuata akayasahau. Kwenye mkoba alikuwa na sukari, dagaa, kipande cha kwanza ndani ya kitenge cha bluu, na bahasha ya kurasa nne iliyokuwa nyepesi na kumlemea kuliko vyote.

Dominiko alikuwa uani anageuza karafuu kwenye mkeka. Mkewe, Esther, alikuwa anamenya ndizi.

"Shikamoo Baba Glory. Shikamoo Mama Glory."

"Marahaba, mwanangu! Karibu, karibu. Mbona peke yako?" Kisha Dominiko akaona kitenge cha bluu kikichungulia mkobani, akasimama na meno yote nje. "Kimekuja! Esther, kimekuja! Nilisema hakitapita mwaka huu!" Akakimbilia ndoo, akanawa mikono mpaka viwikoni kama anayekwenda kupokea mtoto mchanga. "Nilimwambia Mama Glory, Nindi atarudi na mvua za vuli. Atakuwa amekua. Yule bibi atakuwa amemfundisha ufinyanzi. Nimekosea?"

Felista alikuwa amesimama na mkoba. Maneno yote ya njiani yalikuwa yamebaki njiani.

"Baba Glory, nina kosa," alisema. "Nisikilize kwanza, ndipo unipokee au unifukuze."

Akamweleza akiwa amesimama vile vile. Alimweleza kurasa nne, droo, dada wa steshenari, wenzake watatu walionyamaza. Hakujitetea. Alipomaliza, Dominiko aliingia ndani akatoka na kitabu cha sita, kilichokaa kwake miaka yote hiyo kwa sababu alikiomba. Akafungua mwisho, akapitisha kidole juu ya karatasi.

"Hizi?"

"Hizo."

"Niliona ni nyeupe kidogo. Nikasema labda kiwandani." Akageuza karatasi. "Kwa hiyo Nindi alikufa."

"Alikufa, baba."

"Na wote mlijua. Hata Oscar?"

"Hata Oscar."

"Mlinihurumia."

"Ndiyo."

Dominiko alikiweka kitabu juu ya kiti, akarudi kwenye mkeka, akaanza kugeuza karafuu. Alizigeuza zilizokwisha geuzwa. Felista hakuthubutu kukaa. Alijiambia kwamba amempoteza, kwamba hatashuka tena mjini na vipande havitapanda tena mlimani, na kwamba atakuwa amestahili.

Esther ndiye aliyesema, kwa ile sauti ya mlimani inayopanda mwishoni. "Ina maana yule bibi mfinyanzi hayupo?"

"Hayupo, mama. Nilimtunga mimi."

"Mimi kusoma sijui," alisema Esther. "Vitabu vyote hivyo nimesomewa na huyu. Wafalme wamejaa, hata sijui nani ni nani. Lakini yule bibi nilimpenda kuliko wote." Kisu kilikuwa kimesimama juu ya ndizi. "Nilikuwa sijatoka kitandani tangu msiba. Akaja na kipande chenu akanisomea. Nikamwambia rudia pale bibi anapomsikiliza mtoto kama anapumua. Akarudia. Kesho yake akarudia tena. Siku ya tatu nilikwenda kuchota maji. Unajua hilo?"

Felista hakulijua. Miaka tisa alikuwa amefikiria uongo wake tu, hata mara moja hakufikiria kwamba ulikuwa umemnyanyua mtu kitandani. Machozi yalimtoka akayaacha yatoke.

Dominiko aliacha karafuu. Alikuja akasimama karibu nao, na uso wake ulikuwa umechoka lakini haukuwa na hasira.

"Mwaka ule watu walikuja hapa na maneno mengi," alisema. "Kazi ya Mungu, amempenda zaidi, mtapata mwingine. Walikuwa na nia njema, ila yalinichoma. Ninyi wa mjini hamkusema kitu. Nikawa na kinyongo, nakwambia kweli. Nilisema, marafiki gani hawa, hawana hata neno moja la pole. Kumbe mlinitumia kurasa nne." Akakitazama kitabu juu ya kiti. "Na mkazilinda miaka tisa. Yule Oscar na mdomo wake ule, miaka tisa! Mimi nilidhani nangoja kitabu tu."

Kisha akanyoosha mkono. "Za kweli unazo?"

Felista akatoa bahasha, akaifungua. Dominiko alizitazama zile karatasi mbili bila kuzipokea.

"Wewe ulimtoa majini," alisema. "Basi umrudishe wewe. Soma."

"Siwezi, baba."

"Utaweza. Tuko hapa."

Akavua kofia. Esther akaweka kisu chini, akafuta mikono kwa khanga, akasimama kando ya mumewe. Felista akasoma. Lango likafunguka, mwamba ukalia, mvua iliyofungwa miaka mia ikatoka, na watu wa bondeni wakatazama juu na midomo wazi, na Nindi akacheka kwa sababu hatimaye sauti aliyoisikia maisha yake yote ilikuwa imetoka nje na kila mtu anaisikia. Hapo Felista akakwama. Esther akamshika kiwiko. "Maliza, mwanangu, usimwache hapo." Akamaliza. Bi Magreth alikuwa ameliandika lile neno la mwisho vizuri, bila kulipamba, na Felista kwa mara ya kwanza aliona kwamba mwandishi naye alikuwa amelia.

Dominiko alifanya ishara ya msalaba.

"Amekufa vizuri," alisema. "Glory sikumsemea hata neno siku ya kumzika. Kinywa kilikataa." Akavaa kofia, akaivua tena. "Asante, Felista. Wape wenzako asante yangu, mmoja mmoja, kwa majina. Na huyo mama wa Ngerengere naye nitamwandikia mwenyewe."

Esther alileta chai ya mdalasini na ndizi za kuchemsha, na kwa muda walikula tu, kama watu waliotoka makaburini. Kipande cha kwanza cha kitabu cha saba kilikuwa mezani kwenye kitenge chake cha bluu. Hakuna aliyekuwa na haraka nacho.

Dominiko alipomaliza chai alivuta kitabu cha sita, akakiweka mbele ya Felista pamoja na zile karatasi mbili.

"Sindano unayo?"

Fundi gani hatembei na sindano? Felista aliichomoa kwenye ukosi wa gauni lake, yenye uzi tayari. "Nizitoe zangu?"

"Usitoe kitu. Shona zote."

"Kwa mpango gani, baba?"

Dominiko alifikiri, akamtazama mkewe, na mkewe akatikisa kichwa kukubali kabla hajaulizwa.

"Za kwake kwanza," alisema Dominiko. "Afe, kama alivyokufa. Halafu za kwako."

Felista akafumua mshono wa mwisho, akaingiza kurasa za Bi Magreth mahali pake, akaweka za kwake nyuma ya hizo. Esther alisogeza kiti, akamshikia karatasi zisihame, wakaanza kushona.