Viti Viwili vya Abdurahim

Watu wa mtaa wetu wa Mowlem wamesema mengi kuhusu duka langu mwaka huu, na mengi ni upuzi. Eti nimefilisika. Eti nimeingiwa na wazimu. Ngoja niseme mwenyewe.

Nina miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka tisa niliuza dukani nikiwa nimekaa. Sikuwa mvivu. Anayebisha aje afungue duka kabla ya jua kuchomoza, alifunge watu wakienda kulala, kila siku, halafu tuzungumze. Ila nilijiona mjanja. Nilinunua kwenye soko la mitumba la Gikomba kiti cha ofisi, kile cha kuzunguka chenye vigurudumu, nikapanga kila kitu mahali mkono unapofika. Mkate kushoto, maziwa kulia, sukari ya kupima mbele ya magoti. Vya juu nilivivuta kwa fimbo yenye ndoano. Nikijisukuma kidogo kwa mguu, nimefika kwenye mafuta na kurudi. Wageni wakija niliwaonyesha mpango huo kwa fahari.

Magoti yakaanza kuuma, tumbo likaongezeka, nikachukua kiti cha pili: kile cha plastiki msikitini, kinachowekwa mwisho wa safu kwa wazee na wagonjwa. Nilisema ni cha wiki moja. Ikapita miaka miwili sijaweka paji la uso chini. Wenzangu wakisujudu, mimi nilikuwa juu yao nimeinamisha kichwa, nikiangalia migongo.

Kando yangu husimama Mzee Dirie, fundi wa viatu, mwenye miaka sabini na sita. Anashuka na kuinuka bila hata kuguna. Siku moja baada ya swala alinipiga begani. "Abdurahim, nikizeeka nitakuomba hicho kiti."

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini nilifika nyumbani nimevimba kwa hasira, na wa kukasirikiwa nilikuwa mimi.

Nikaenda kupigwa picha ya magoti. Kusema kweli nilitamani niambiwe nina ugonjwa mkubwa wenye jina refu. Daktari aliniuliza natembea kiasi gani kwa siku. Nikamwambia natoka nyumbani mpaka dukani. Ni mbali? Ikabidi nikiri kwamba duka liko chini na nyumba iko juu yake.

"Magoti hayajaharibika sana," alisema. "Miguu imelegea kwa kukosa kazi, na uzito umezidi. Tembea nusu saa kila siku."

Nusu saa gani, na wateja wamejaa dirishani? Aliona nilivyokunja uso. "Basi tafuta mazoezi humo humo dukani. Anza polepole, lakini usiruke siku."

Tulikuwa mwanzoni mwa Rajabu. Miezi mitatu mpaka Idi. Nikaweka nia: swala ya Idi nitasujudu chini, uwanjani, kama watu.

Kesho yake kiti cha ofisi nilimpa Nzau, fundi wa simu wa mlango wa pili. Fimbo niliivunja vipande viwili, nisije nikashawishika. Mkate nikaupeleka mwisho kabisa wa duka, maziwa kona ya pili. Sukari ikapanda rafu ya juu. Chumvi na viberiti vikashuka chini kabisa, ambako lazima mtu achuchumae.

Mke wangu, Ummulkheir, alisimama mlangoni akatazama yote hayo, mikono kiunoni. "Baba Saif, watu hupanga duka wauze. Wewe unalipanga uchoke?"

"Ndiyo," nikamjibu.

Wiki ya kwanza nilijuta. Kufika adhuhuri mapaja yaliwaka moto, na kila pakiti ya chumvi nilishuka nimeshika rafu na kupanda nikiita Mola. Wateja walinuna. Awiti, anayekaanga samaki mkabala na duka langu, ndiye aliyenisema wazi. "Abdu, kwani hiyo sukari unaenda kuilima kwanza?"

Nikamweleza yote, magoti na Idi na kiti cha plastiki. Hakucheka. Kesho yake akaja. "Nipatie chumvi."

Nikachuchumaa, nikainuka.

"Na kiberiti."

"Si ungesema vyote mara moja! Vinakaa pamoja!"

"Nilisahau. Na ingine ya jirani, chumvi pia." Alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa kicheko. Nilimtukana kidogo, nikashuka tena. Tangu siku hiyo hakuwahi kununua vitu viwili kwa pamoja.

Ramadhani ilinikuta nikichuchumaa bila kushika rafu. Mchana nilipunguza mwendo kwa sababu ya funga, lakini bidhaa sikuzirudisha. Kila baada ya alfajiri nilijaribu kusujudu chumbani. Kushuka niliweza. Kuinuka ndiko kulikonishinda: mkono ulikwenda wenyewe kwenye ukingo wa kitanda. Siku nyingine hata kitanda hakikutosha, na Ummulkheir alinipa mkono bila kusema neno. Namshukuru kwa kile kimya chake kuliko kwa mengi aliyowahi kuniambia.

Msikitini sikuthubutu. Kubaki chini mbele ya safu nzima, imamu ameshaanza kusoma! Nikaendelea na kiti mpaka mwezi ukaandama.

Asubuhi ya Idi nilikwenda uwanjani kwa miguu, magoti mazuri kabisa. Kisha nikaziona zile safu, watu bega kwa bega, wala hakuna kitanda. Niliogopa. Nasema hivyo hivyo, niliogopa. Katika viti vya wazee vilivyoletwa kutoka msikitini kilikuwa kimebaki kimoja, nikakikalia.

Takbira zikiendelea, Mzee Dirie akaja ameshikwa mkono na binti yake, Shamso. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji nyeupe.

"Amepasuliwa mtoto wa jicho," Shamso akaniambia. "Amekatazwa kuinama mpaka apone."

Mzee alikitazama kiti changu kwa lile jicho moja. Hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Nimezeeka, Abdurahim."

Nikasimama. Nilimkalisha, Shamso akaenda upande wa wanawake, na imamu akaanza.

Rukuu nilirukuu. Kisha nikashuka, goti moja, la pili, mikono, paji la uso. Mchanga ulikuwa baridi. Miaka miwili nilikuwa nimesahau harufu ya ardhi, na nililia pale pale, machozi yakaingia mchangani. Sijda ya pili ikaisha, safu nzima ikainuka, na mimi nikabaki chini. Mkono ulitafuta kitanda. Ukakuta mchanga.

Nikafikiria chumvi. Wallahi, Mola anisamehe, ndani ya swala nilifikiria chumvi na viberiti, na zile safari zote za chini. Nikakanyaga kwa nguvu, mapaja yakatetemeka, nikasimama. Imamu alikuwa bado kwenye takbira za rakaa ya pili.

Baada ya salamu Mzee Dirie alinigeukia. "Umeinuka," akasema.

"Nimeinuka."

"Nikipona nitakurudishia kiti."

"Ukipona, kirudishe stoo."

Akacheka mpaka akashika bandeji yake.

Alasiri nilifungua duka kidogo, maana Idi haizuii mtu kuishiwa sukari. Awiti alikuwa wa kwanza dirishani. "Eid njema, Abdu. Lakini uko na mchanga kwa uso. Pangusa."

"Sipangusi. Nimeutafuta miaka miwili."

Macho yakamlegea, nikaona ameelewa. Nikamuuliza anataka nini.

"Chumvi," akasema. "Na usiende mbali, nitakumbuka kiberiti."