Nguzo Fupi Nyekundu

Jumatatu saa nne asubuhi, Gasper wa wilayani alibandua karatasi ya manila yenye mchoro wa takwimu kwenye ukuta wa zahanati, akaitandaza mezani, akasema ina makelele.

"Nguzo sita za nini, Sista? Mgeni wa Alhamisi anatakiwa aangalie sekunde tano, aelewe, anywe soda."

Nesi Winfrida aliichora mwenyewe kwa kalamu za rangi. Nguzo ya mwisho, fupi, nyekundu, ilikuwa ya wajawazito waliofia ziwani wakikimbizwa Kigoma kwa mtumbwi wa dagaa. Wanne, mwaka mzima. Kwa nguzo hiyo kijiji kilikuwa kinaomba boti ya wagonjwa, maana barabara hakuna. Nehemia wa kamati ya afya alikuwa na mkewe kati ya hao wanne.

"Hiyo nyekundu iache," alisema.

"Mzee wangu, ndogo mno. Inachafua mchoro."

Gasper akaikata kwa mkasi. Wanawake wanne wakashuka mezani wakichuruzika maji, wakakaa kwenye benchi la wajawazito. Rozalia, mke wa Nehemia, akawasalimu wote kwa Kiha, "Mwakeye," akakamua pindo la kitenge.

"Mama, sogeza miguu, unalowesha ripoti," alisema Gasper.

Winfrida akaleta tambara la kudekia.

"Umekonda," Rozalia alimwambia mumewe. "Nani anakupikia?"

"Mwenyewe."

"Ndiyo maana. Boti imekuja?"

"Bado."

Nehemia akamwambia basi waende nyumbani. Rozalia akashika tumbo lake, bado kubwa vilevile.

"Niende vipi na sijajifungua?"

Alhamisi wageni walifika na magari ya maji, maana yake maboti mawili mapya, ya kwao. Ukutani Gasper alikuwa amebakiza nguzo moja tu, ya kijani: Waliojifungua Salama. Wakubwa wanapenda kijani. Walielewa kabla sekunde tano hazijaisha, wakapiga makofi. Nehemia akanyoosha mkono, akaomba boti.

Kiongozi wao akatazama ukuta. "Boti ya nini, mzee, na mambo yenu safi hivi?"

Nehemia akaonyesha benchi. Kiongozi akawageukia wale wanawake, akawaambia poleni kwa kusubiri, akaagiza nao wapewe soda.

Jumamosi Asnath, jirani yake Nehemia, alishikwa na uchungu. Wakampakia kwenye mtumbwi wa dagaa, upepo ukiwa mkali. Alasiri alirudi peke yake, kwa miguu, kalowa mpaka nywele, akasimama mlangoni pa zahanati.

Rozalia akamtazama, akasogea kwenye benchi, akampa nafasi.