Miti Isiyokuwa Kwenye Karatasi

Penseli alikuwa mchoraji kwenye ofisi ya shemeji yake, na alimdharau kuanzia kisigino cha kiatu hadi upara.

"Kati ya wanaume wote duniani, ukamwona yule," alimwambia dada yake kila Jumapili.

"Nilimwona mimi, macho yangu. Wewe kula, unyamaze."

Shemeji alikuwa msanifu wa majengo, na alihakikisha hata viti vya ofisini vinalijua hilo. Ile kazi ya porini aliipata kwa maneno matamu. Tajiri mmoja alitaka nyumba ya wageni kwenye mteremko juu ya kijito, siku nzima ya gari kutoka mjini, na alitaka ichorwe kwa mkono. Shemeji akajipiga kifua kwamba mkono ndio fani yake. Mkono wenyewe ukawa wa Penseli.

Penseli akapiga hema kule siku tisa. Siku mbili za kwanza hakuchora kitu. Alikaa tu, anatazama maji yanapita wapi na jua linachoma wapi. Kulikuwa na miti sita minene, mizizi imeshika ule mteremko kama vidole. Alipoanza kuchora, akaipinda nyumba ipite katikati yao, na barazani akaacha tundu ili mti mmoja utokeze juu. Alikuwa hajawahi kuchora kitu kizuri kama kile, na alijua.

Siku ya kumi shemeji akaja, ananukia marashi, akagoma kushuka garini kwa sababu ya nzi. Akapokea karatasi dirishani.

"Nyumba haionekani. Umenichorea msitu."

"Si ni msitu, shemeji?"

"Tajiri hanunui majani, bwana."

Akaenda nayo mjini, akaichora upya kwa wino na rangi, miti yote akaitupa. Nyumba ikabaki imesimama pale uchi kama mtu aliyeporwa taulo, imejipinda huku na kule bila sababu. Katibu wake akauliza lile tundu la barazani ni la nini.

"La hewa," alisema shemeji msomi.

Penseli alipoiona alicheka mpaka akapaliwa. Akaiacha hivyo, akidhani ni picha ya kumfurahisha tajiri ukutani. Hapo alikosea, maana picha hiyohiyo ndiyo iliyopelekwa kwa mafundi.

Jumatatu anafika na vipimo vya msingi, anasikia msumeno wa injini. Mti wa barazani uko chini. Nyapara anaelekeza vijana kwenye wa pili, na shemeji amesimama pembeni na mwavuli.

"Nani kakuambia ukate?" Penseli alifoka.

Nyapara akafungua karatasi. "Hii hapa. Unaona mti? Mimi sioni. Kisichochorwa kinatoka, ndivyo tunavyofanya kazi siku zote."

"Shemeji, mwambie! Uliitoa ili nyumba ionekane tu. Ikikatwa, mteremko wote unashuka kijitoni!"

Shemeji akageuza mwavuli upande wa pili. Kusema ukweli kungekuwa kukiri mbele ya vibarua kwamba alikosea, na yule heri mlima uanguke. "Fuata ramani," alisema.

Basi Penseli akaitwaa karatasi mkononi mwa nyapara, akaitandika juu ya gogo bichi, akachomoa penseli sikioni. Akachora shina, mizizi, matawi, juu ya rangi nzuri za shemeji. Mti wa pili. Wa tatu.

"We! Unaharibu mchoro wangu!"

"Ulikuwa umeshaharibika, mimi naufuta machozi."

Vibarua wakaangua kicheko. Kijana wa msumeno akazima injini. Nyapara akachungulia, akahesabu kwa kidole.

"Mitano. Na hii sahihi hapa chini ni yako, bosi?"

Shemeji akatazama watu ishirini wanaomtazama. "Ni yangu," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi miti mitano inabaki. Vijana, sogeeni!"

Shemeji akamsogelea Penseli, mate yakimruka. "Kazi huna! Umesikia? Usikanyage ofisini kwangu tena. Na dada yako nitamwambia!"

Penseli hakuinua kichwa. Mti wa tano ulikuwa bado hauna majani.

"Mwambie. Ila kwanza toka hapo," alisema, "unaniwekea giza."