Nyekundu na Kijani kwa Pamoja

Pale Mwabungo watu waliniita Mwalimu Taa, nami nililipenda jina hilo. Kamati ya wavuvi ilinituma Msambweni siku mbili kujifunza sheria za taa za vyombo vya baharini, nikarudi na cheti na mdomo. Kila aliyeteremka ufuoni nilimsomesha, atake asitake. Boti ya mashine: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe juu. Ngalawa na mtumbwi: hata tochi yatosha, mradi iwe karibu na mkono na iwashwe mapema, mwenzio akuone akiwa bado ana nafasi ya kugeuka. Kisha nilimalizia kwa lile nililolipenda kuliko yote: ukiona nyekundu na kijani kwa pamoja, usijiulize maswali, chombo hicho kinakujia wewe.

Wengi walinicheka. Aliyenisikiliza ni Swabir. Alikuwa na boti ndogo ya faiba, na wiki ile ile alikwenda Ukunda akanunua taa zote tatu, akaniita nimtazamie kama amezifunga sawa. Zilikuwa sawa.

Mimi mwenyewe tochi nilikuwa nayo. Lakini kuna jambo ambalo wavuvi wengi wa kwetu hulifanya na hakuna anayelisema mbele ya kamati. Ukipata mwamba wenye samaki, huwashi taa. Mwanga wako unawaambia wenzako ulipo, na kesho utakuta vyombo kumi vimetia nanga juu ya riziki yako. Mwezi wa Januari nilipata mwamba wenye samaki aina ya changu nje ya Galu. Siku nane nilivua pale gizani, na mchana nikawahubiria watu taa. Nyani haoni kundule.

Siku ya tisa, kabla ya adhana ya alfajiri, ngalawa yangu ikiwa imetia nanga, niliziona taa za Swabir. Kwanza niliona kijani peke yake. Kisha nikaona nyekundu na kijani kwa pamoja. Tochi ilikuwa mkononi, kidole juu ya swichi. Nikajiambia atageuka. Nikajiambia hivyo mara ya pili, na mlio wa mashine nausikia mpaka kifuani. Nilikuwa nawaza changu wangu, wallahi, sikuwa nawaza jambo lingine.

Boti iliivunja ngalawa ubavuni. Tochi ilizama, nami nikaifuata, mkono wa kulia umevunjika, na Swabir ndiye aliyejitosa majini akanishika ukosi wa shati akanipandisha. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema, "Niwie radhi, Bwana Boga. Niwie radhi, sikuona kitu."

Tulipofika ufuoni watu walikuwa wameshakusanyika. Mzee Abdulwahab, mwenyekiti wa kamati, aliniuliza swali moja tu. "Boga, taa yako ilikuwa ikiwaka?"

Ningesema hapana, wangenicheka mwaka mzima, basi. Kuchekwa hakuui mtu. Lakini niliwatazama wale wote niliowasomesha, nikasema, "Ilikuwa ikiwaka."

Nilingoja Swabir abishe. Niliomba abishe, maana angebisha tungegombana, na kugombana ni kazi ninayoijua. Hakubisha. Alisema taratibu, "Basi mimi sikuiona."

Uzito wa neno lile niliujua baadaye. Marehemu baba yake alipofuka akiwa na miaka arobaini na tano, na macho yake yalianza kumpungukia gizani. Swabir ana arobaini na tatu. Kamati ilimzuia kwenda baharini mpaka apimwe macho. Alikwenda Kwale, akapimwa, akaambiwa ni mazima. Hakuamini. Alimwambia mkewe Mwanatumu kwamba daktari kamsomesha herufi za ukutani mchana kweupe, lakini tochi ya Mwalimu Taa iliwaka mbele yake na yeye hakuiona. Akaanza kutafuta mtu wa kuinunua boti.

Nami nilikwenda kumjulia hali kila wiki, mkono umefungwa, na chane ya ndizi za Kikoneni. Nilidhani ndizi zingenipunguzia. Kila nilipokwenda walinishukuru, Mwanatumu akanipikia chai ya tangawizi, nikainywa.

Wiki ya tatu, Alhamisi asubuhi, nilipiga hodi. Mwanatumu alinikaribisha kwa sauti ya chini akanielekeza uani. Swabir alikuwa akitembea kutoka mlangoni kwenda kisimani, macho ameyafumba, mkono mmoja ukipapasa ukuta, akihesabu hatua. Alifika kumi na nne, akakikosa kisima, akajikwaa kwenye ndoo. Akarudi mlangoni kuanza upya.

"Anajifunza," alisema Mwanatumu. "Asema bora ajifunze sasa, bado anaweza kufumbua. Na kesho baada ya sala ya Ijumaa, Randu wa Bodo aja kuchukua boti."

Nimewahi kuona haya maishani mwangu, lakini si kama siku ile. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ndizi zangu.

"Swabir," nikasema, "tochi haikuwaka."

Alisimama. Hakufumbua macho. "Betri?"

Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na Mungu anisamehe, niliutazama mlango ule. "Si betri," nikasema. "Sikuiwasha. Nilikuwa nayo mkononi. Nilikuona waja, nikaona bora nifiche mwamba wangu."

"Uliziona taa zangu?"

"Zote. Nyekundu na kijani kwa pamoja."

"Kwa hivyo hapakuwa na kitu cha kuonekana."

"Hapakuwa na kitu."

Akafumbua macho. Akatazama kisima, akatazama paa la jikoni, kisha akamtazama mkewe, na hapo hakuwa na haraka. "Mwanatumu," akasema, "naona." Mwanatumu akakaa mchangani pale pale, akalia huku akimshukuru Mungu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Swabir aliniambia, "Ahsante kwa kuniambia," na alikuwa anasema kweli. Ngumi ningeistahimili kuliko ile ahsante.

Mwanatumu alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Wiki tatu mume wangu apapasa kuta," akaniambia, "nawe waja na ndizi, nami nakupikia chai."

Swabir akanishika mkono, ule mzima. "Kamati inakaa leo," akasema. "Twende."

Kwenye njia ya kushukia ufuoni kuna Bi Subira, mkaanga samaki, na habari za macho ya Swabir alikuwa amezisikia kama wote. Alituona tukija tumeshikana mikono. "Bwana Boga," akasema, "Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Yeye ndiye aliyekuvunja mkono, na wewe ndiwe unayemwongoza njia." Akafunga vipande viwili vya samaki kwenye gazeti, akaninyooshea.

Swabir hakuniachia mkono. Alikuwa anangoja.

"Yeye ndiye anayeniongoza mimi, Bi Subira," nikasema. Nikamweleza kwa nini, tangu mwamba mpaka tochi, mbele ya wateja wake wawili, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuitumia nilipokuwa nikisomesha. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akalikunjua gazeti, akavirudisha vile vipande kwenye sinia, kimoja kimoja, akamuuliza mteja wake anataka samaki gani.